Ruta Ndani ya Sufuria

Jumatatu, 3 Machi
Redio imetangaza: Wi-Fi za majumbani zina kasoro, wadukuzi wanaweza kupenya na kusoma ujumbe wa watu. Shemeji yangu, fundi simu, eti dawa ni kusasisha simu na ruta, kile kisanduku cha Wi-Fi, dakika kumi tu. Dakika kumi! Mbandika vioo anifundishe usalama! Mke wangu akaniomba nimwachie kakake kazi hiyo, maana yeye mwenyewe Alhamisi saa kumi jioni ana usaili kwa video. Akifaulu, ndiye msimamizi wa karakana yao ya ushonaji. Miaka tisa anaisubiri nafasi hiyo. Nikamwambia atulie, ana mume.

Jumanne, 4 Machi
Simu imeniuliza kama nataka kusasisha. Aha! Mdukuzi mwenyewe, anabisha hodi! Nimemkatalia. Kauliza mara nne, nimemkatalia mara nne. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Acha acheke.

Jumatano, 5 Machi
Nimebadilisha nywila. Herufi arobaini na moja, na alama za mshangao humo humo! Sikuiandika popote. Kufika adhuhuri hakuna aliyeweza kuingia, hata mimi. Ulinzi ulioje! Mke wangu hakuona hivyo. Kamwita kakake, naye akabonyeza kitufe nyuma ya ruta kwa kijiti cha meno, yote yakarudi mwanzo. Kijiti cha meno! Utaalamu wake ndio huo.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo lililowapita wahandisi wote! Wadukuzi wanadaka mawimbi yanayovuja nje, siyo? Basi yasivuje. Ruta ndani ya sufuria kubwa, kifuniko juu, tofali juu ya kifuniko. Saa kumi na dakika tatu, picha ya msaili ikaganda mdomo wazi, katikati ya usaili. Mke wangu alifuata waya mpaka jikoni. Alitoka na viatu mkononi, akamalizia usaili dukani kwa kakake, kati ya simu mbovu. Niliona haya. Haya ya kweli, karibu dakika nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Kapata kazi! Wamesema walipenda alivyotulia mambo yalipoharibika. Na nani aliyeyaharibu? Shukrani sijaona. Badala yake yeye na kakake wamesasisha kila kitu, dakika nane, nami nimepigwa marufuku kugusa ruta. Wameweka nywila mpya na kuniapisha nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Nimeiandika tu kwa herufi kubwa, nikaibandika mlangoni kwa nje, ili mdukuzi akija ajionee mwenyewe ilivyo ngumu kuikisia.