Darasa la Kulala Angani

Mstaarabu hakuwa akienda kwa kinyozi kunyolewa. Nywele zake zilishamkimbia siku nyingi, na zile chache za kando alizipunguza mwenyewe kwa mkasi wa kucha. Alikwenda kusikiliza. Mtu akishafungwa shuka shingoni na wembe uko kisogoni, husema mambo ambayo hata mkewe hajawahi kuyasikia, na Mstaarabu alikuwa ameishi mjini kwa masikio yake tangu siku aliyofukuzwa kazi.

Asubuhi hiyo aliyekuwa kitini ni Bwana Kokoto, mkandarasi mwenye malori kumi na moja, ambaye alitajirika kwa kuuza mawe yaliyopondwa na kwa sababu hiyo akajiona anajua kila jambo duniani. Siku hiyo, hata hivyo, sauti yake ilikuwa ndogo. Alikuwa akimweleza kinyozi kwamba yeye na mama watoto wanakwenda ng'ambo kwenye mahafali ya binti yao, na kwa kuwa hawezi kuonekana mtu wa nyuma, amekata tiketi za viti vya mbele, vile vinavyogeuka vitanda.

"Sasa tatizo ni kulala," alisema. "Saa kumi na nne angani. Mimi nyumbani nalala na fulana na kaptura, tena fulana yenyewe ina tundu kwapani. Huko mbele kuna mabalozi. Nivue shati mbele ya balozi?"

Kinyozi akasema hajui, yeye husafiri kwa basi. Mstaarabu akakunja gazeti ambalo hakuwa akilisoma.

"Samahani, mheshimiwa," alisema kwa upole, "ina maana hawakukupa darasa la mavazi?"

Bwana Kokoto aligeuka kwa haraka hata kinyozi akamkwangua sikio.

Hapa inafaa tueleze Mstaarabu alikuwa nani, maana mwenyewe angekudanganya. Kwa miaka tisa alikuwa mfagiaji wa ndege. Ndege ikitua, abiria wakishuka, yeye na wenzake waliingia na mifuko myeusi, wakakusanya vikombe, magazeti na mabaki ya chakula. Viti vya mbele ndivyo vilivyokuwa shamba lake. Abiria wa huko hupewa pajama bure, mpya, zimefungwa utepe, na wengi wao huzivaa safari moja tu au hawazivai kabisa, kisha huziacha kitini. Amri ya ofisi ilikuwa zitupwe. Mstaarabu alizitupa nyumbani kwake, magunia mawili.

Lakini si pajama zilizomfukuzisha. Alifukuzwa kwa sababu mkuu wa zamu alimkuta amekaa kwenye kiti cha 2A, kile cha dirishani, macho ameyafumba, kidole kiko kwenye kitufe cha kukilaza. Kitufe hakikufanya kitu. Ndege ikiegeshwa umeme wa viti huzimwa, kwa hiyo katika miaka tisa ya kuvipangusa vile viti Mstaarabu hakuwahi kukiona hata kimoja kikilala. Kazi aliisahau baada ya wiki mbili. Kiti hakukisahau. Alikitaka kile kiti kama mtu mwingine anavyotaka nyumba yake mwenyewe, na tamaa hiyo alimficha kila mtu, kwa kuwa aliona haya.

Basi darasa likafunguliwa Jumatatu iliyofuata, siku ambayo kinyozi hufunga. Kinyozi alikubali kuazimisha duka lake kwa sababu aliambiwa jina lake litatajwa kwa heshima. Viti vyake viwili vya kulaza ndivyo vilivyokuwa ndege. Kitambaa cha mlangoni kilikuwa pazia la kuwatenga watu wa nyuma. Mstaarabu alivaa koti la buluu alilolinunua mitumbani, akawaambia wanafunzi kwamba amefanya kazi miaka tisa ndani ya daraja la kwanza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ujanja alikuwa amesema kweli.

Wakaja. Bwana Kokoto na mkewe, mfanyabiashara wa magodoro, Mama Vyumba mwenye nyumba za kupangisha mitaa mitatu, na wengine wa aina hiyo hiyo, watu wenye pesa ya juzi na hofu ya jana. Ungewaona wamekaa wima, kalamu mkononi, wakiandika kwamba mtu mwenye adabu havui soksi ndani ya ndege. Hawa ndio watu wanaowafokea wahudumu wa hoteli na kuwaweka mafundi juani nusu siku. Hakuna aliyewahi kufikiria adabu kabla hajaambiwa kwamba kuna balozi atakayemtazama.

Mstaarabu alifundisha kwa uzito wote. Alionyesha namna ya kumwita mhudumu bila kupiga vidole, namna ya kumtakia jirani usingizi mwema na kisha kumwacha apumue, na kwamba kijiko cha ndege si zawadi. Alimlaza mfanyabiashara wa magodoro kwenye kiti cha kinyozi na kumfundisha kukoroma kwa kiasi. Mtu mzima yule, baba wa watoto sita, alikoroma kwa majaribio mara nne, darasa likamsahihisha.

Kisha zikaja pajama. Mstaarabu aliziita sare. Alieleza kwamba asiyekuwa na sare anaweza kuombwa kuhamia nyuma ya pazia, tena kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kwa ukali. Ziliuzwa zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi, na utepe mpya. Akaongeza kwamba watu waliozoea hawabadilishi nguo kwenye choo cha ndege. Hutoka nyumbani wamezivaa, ndani ya koti refu. Kwa nini aliongeza hilo, haijulikani. Huenda alikuwa anafurahia tu kuona jinsi wanavyoandika.

Mama Vyumba, ambaye hakuwahi kununua shati maishani bila kuligeuza nje ndani, alishika pajama zake na kuuliza mbona kola ina alama ya kuvaliwa, na je, atapata risiti.

Mstaarabu alimtazama kwa huruma kubwa.

"Mama yangu," alisema, "kanuni ya kwanza ya mbele ni hii: mtu wa mbele haulizi. Haulizi bei, haulizi risiti, haombi kuonyeshwa. Anayeuliza huonekana hajazoea. Lakini kama ungependa, nitakuandikia."

Mama Vyumba akasema hapana, si lazima, alikuwa anatania. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena, wala kuhusu kola, wala kuhusu Mstaarabu mwenyewe kwamba aliwahi kuruka kwenda wapi. Likapita darasa la kwanza, la pili, hadi la tano, na kopo lake la biskuti chini ya kitanda likajaa noti mpaka kifuniko kikagoma.

Katika darasa hilo la tano alikuwepo mwanamke mmoja ambaye kila mtu alimwita Miwani, kwa sababu alikuwa nayo na hakuwa na jambo jingine la kukumbukwa. Alikaa nyuma. Alishukuru kwa kila neno. Pajama alinunua za kijivu, alizochaguliwa na mwalimu mwenyewe, na hata hakuzikunjua. Mstaarabu alimpenda kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi asiyesumbua. Zamani angejiuliza kwanza ni kwa nini mtu mtulivu kiasi kile alihitaji kufundishwa utulivu, lakini kujiuliza nako kulikuwa kumemtoka.

Darasa lilipokwisha na wenzake walipoondoka, Miwani alibaki akisaidia kupanga viti. Akataja, kwa mbali, kwamba yeye hushughulikia tiketi za mabwana wakubwa, na kwamba mmoja wao amevunja safari ya Alhamisi mchana, ile ile ya Bwana Kokoto na mkewe. Kiti kipo wazi. Ingependeza wanafunzi wakisafiri na mwalimu wao.

"Kiti gani?" aliuliza Mstaarabu, huku akifuta kioo kilichokuwa safi.

"Cha dirishani. Nadhani 2A."

Mkono wa Mstaarabu ukasimama juu ya kioo.

Bei aliyoitaja Miwani ilikuwa ya punguzo, ya kujuana, na ilitosha kulikausha kopo zima. Mstaarabu alikwenda nyumbani, akarudi nalo limefungwa kwenye taulo. Njiani akili yake ya zamani ilizinduka. Alikuwa amewaingiza mjini watu wengi mno hata asijue harufu ya utapeli. Kwa hiyo alipopokea bahasha nyeupe iliyobandikwa vizuri, alifungua mdomo ili aombe kuona kilichomo.

Miwani alivua miwani yake na kumtazama. Haikuwa hasira. Ilikuwa ni ile huruma, ile ile kabisa, na Mstaarabu alijua imetoka wapi.

"Mwalimu," alisema taratibu, "kumbe na wewe unauliza?"

Masikio yalimwaka moto. Mtu ambaye angekataa noti ya bandia gizani alijikuta anacheka kicheko cha kizembe na kusema hapana, bibie, alikuwa anatania. Miwani akamweleza kwamba bahasha za namna ile hufunguliwa na mtu wa kaunta tu. Mstaarabu akasema anajua, bila shaka. Akamshukuru, akamfungulia mlango, akamwinamia. Tajiri gani aliyewahi kuibiwa kwa adabu kama ile?

Alhamisi saa sita mchana alisimama kwenye zulia jekundu la kaunta ya abiria wa mbele, ndani ya koti refu lililofungwa hadi kidevuni. Nyuma yake walisimama Bwana Kokoto na mkewe, nao ndani ya makoti, jua la nje likiwa kali kiasi cha kuyeyusha lami. Bwana Kokoto alikuwa analowa jasho mpaka nyusi. Chini ya koti lake miguu ya pajama ya mistari ilionekana kwa urefu wa kiganja. Watu wa foleni ya kawaida waliwatazama, na wao walidhani wanaonewa wivu.

Mstaarabu alitoa bahasha kwa vidole viwili. Msichana wa kaunta akaifungua, akatoa karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "hii ni picha."

Ilikuwa ramani ya viti vya ndege, imekatwa kwenye jarida. Kiti cha 2A kilikuwa kimezungushiwa duara la wino wa buluu. Mstaarabu aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akauliza kama hicho kiti kingali wazi. Msichana akabonyeza kompyuta, akasema hakiko wazi, mwenyewe yuko ndani tangu saa nne.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na ukuta wa kioo, na nyuma ya kioo chumba cha kungojea chenye makochi. Mstaarabu aliinua macho kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuyaweka. Miwani alikuwa amekaa kwenye kochi la pembeni, kikombe mkononi, mtandio umefunika mabega, na chini ya mtandio kulionekana kola ya pajama za kijivu. Alimwona. Hakushtuka wala hakucheka. Aliinamisha kichwa kidogo, salamu safi ya mtu wa mbele kwa mtu wa mbele mwenzake, halafu akarudi kwenye kikombe.

Kelele zilimpanda Mstaarabu kutoka tumboni. Mwizi yule pale, hatua thelathini, na askari wawili mlangoni. Lakini akipiga kelele ataulizwa ameibiwa nini. Akisema pesa, ataulizwa pesa za nini. Na mwenye pesa mmojawapo alikuwa anapumua kisogoni mwake, amevaa ushahidi. Mstaarabu akazimeza zile kelele moja moja. Akakunja ramani mara mbili, akamshukuru msichana, akasogea pembeni, akampisha Bwana Kokoto kwa mkono.

"Wamekukatalia, mwalimu?" aliuliza Bwana Kokoto.

"Kumetokea marekebisho," alisema Mstaarabu. "Nitasafiri siku nyingine. Tangulieni."

Bwana Kokoto alimgeukia mkewe, na katika uso ule wa kupasua mawe kulikuwa na heshima ya kweli. "Umeona, mama watoto? Amekataliwa na hata sauti hajapandisha. Ingekuwa mimi ningekwisha kupindua hii meza."

Msichana wa kaunta alikuwa ameshaona miguu ya pajama. Huenda aliwahurumia kwa lile joto. Alimwambia mke wa Kokoto kwamba mnaweza kuvua makoti, mama, na hizo nguo za kulalia hamkuwa na haja ya kuja nazo. Ndani kila abiria hupewa zake, mpya, bure.

Bwana Kokoto akageuza kichwa polepole mpaka macho yake yakamfikia Mstaarabu. Midomo ilifunguka. Ungeona hesabu ikimpita usoni, na swali likimfikia hadi kwenye meno. Halafu alikumbuka alipo, akatazama zulia chini ya viatu vyake, akafunga mdomo na kuchukua tiketi zake. Mkewe alimshika Mstaarabu mkono na kumtakia kila la heri. Wakaingia upande wa pili wa kioo, wima, na makoti yao yamefungwa vile vile.

Mstaarabu akabaki na msichana wa kaunta. Koti lilikuwa linamuunguza, kopo nyumbani lilikuwa na vumbi la biskuti tu, na kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mfagiaji hakuwa na uongo wowote wa kusema. Msichana akamuuliza kama kuna jambo jingine la kumsaidia.

"Kile kiti," alisema. "Kikilazwa, kinalala kabisa?"

"Kabisa, mzee. Kama kitanda."

"Asante, mwanangu," alisema Mstaarabu, akainama kidogo, akatoka nje juani.