Kona ya Mzee Diarra

Jumatatu, 4 Machi 2013
Mvua tena. Meza yangu ya kutengeneza simu hapa ugenini, stendi ya teksi ya Isipingo, imelowa, na simu ya mteja imelowa kuliko alivyoileta. Eish! Lazima niipate ile kona ndani ya duka la vitambaa la Mzee Diarra, Mmali. Kikwazo ni Désiré, Mkongomani muuza chaja. Naye anaitaka.
Leo nimegundua siri. Fundi cherehani Traoré, Mmali mwenzake, aliingia akamwita mzee mla maharage. Mzee akacheka mpaka machozi, akamkatia kitambaa bure. Kumbe Wamali hupenda kutukanwa!

Jumanne, 5 Machi
Nimemwita mzee mla maharage mbele ya wateja, kifua mbele. Akaniuliza jina la ukoo wangu. Niyonkuru, nikasema. Akasema basi hilo ni tusi kweli, nitoke. Sielewi. Mimi Mrundi, nimekula maharage tangu niote meno!

Alhamisi, 7 Machi
Traoré amenieleza huku anashona. Mali ina Wabambara, Wafulani, Wasonghai, Wadogoni na wengine wengi, na kila kabila na kila ukoo una watani wake. Ukoo wa Traoré na wa Diarra ni watani tangu mababu, ndiyo maana wao hutukanana bila kukasirika. Akanishauri nikaombe radhi, kisha niombe kona kwa adabu.
Ushauri wa kizembe. Nimeamua kubadili ukoo.

Ijumaa, 8 Machi
Nilimvizia mzee akitoka msikitini. Nikamtangazia kwamba babu yangu alikuwa Traoré. Alifurahi! Akanishika mkono, akaita watu, akasema akina Traoré wote ni wezi wa mbuzi, huwezi kuwaachia hata kuku, sembuse kona ya duka. Papo hapo akampa Désiré. Watu wakavunjika mbavu, Traoré wa kweli kuwashinda wote. Nikadai aniombe radhi. Akasema Traoré hamkasirikii Diarra.
Désiré alikuwa amesalimia tu na kuomba. Hana akili ya biashara hata kidogo.

Jumapili, 10 Machi
Nimeumia, nasema kweli. Lakini nimesikia Mmali mwingine anafungua duka Queensburgh. Msonghai huyo, na watani wao ni Wadogoni. Kosa langu lilikuwa kuchagua ukoo bila utafiti. Kuanzia kesho mimi ni Mdogoni.
Mke wangu Aurélie ameniuliza kwaya ya kanisani nitaifanyaje, maana Wamali wote anaowajua husali msikitini. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nimeuliza vizuri: wako Wadogoni Wakristo.