Samaki wa Masijala

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi kaniita, mimi fundi wake wa kompyuta. Karata kwenye kompyuta ya mapokezi, mpira kwenye ya ugavi, na masijala samaki wanaogelea kioo kizima! Kasema Ijumaa atakagua mwenyewe. Akikuta programu moja tu isiyo na kibali, nisahau mkataba wa kudumu. Nikamtoa shaka. Mke wangu keshamwambia mama yake kwamba nimethibitishwa kazini! Mama mkwe, ambaye miaka sita ananiita “yule kijana wa nyaya”, sasa ananiita mwanangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimefuta takataka zote. Nimefunga kompyuta zote kumi na moja: bila neno langu la siri, huweki kitu. Ofisi nzima imeninunia, isipokuwa Mama Masijala, mtunza mafaili. Yeye kanipongeza, akaomba nimuunganishie printa. Nikaandika neno la siri mbele yake, ila kibodi nimeifunika kwa mkono wa kushoto. Mimi si mtoto! Kidole kimoja, herufi moja moja, huku nikijisomea kwa sauti kama kawaida yangu nisije nikakosea.

Jumatano, 5 Machi
Samaki wamerudi! Na papa juu! Mama Masijala anadhani ni virusi vya kwenye feni. Haiwezekani, feni ni mbovu tangu Januari. Namshuku Dereva. Anashinda masijala eti anasubiri safari, na nikipita anacheka. Nikabadilisha neno la siri, nikaanzia palepale masijala. Mama Masijala akanivutia kiti, akanishauri nirudie taratibu, mambo ya usalama hayataki pupa. Mama mwenye akili sana yule.

Alhamisi, 6 Machi
Mtego. Saa ya chakula nikajibanza nyuma ya kabati la mafaili. Dereva kaingia, kakaa, kafungua drafti kwenye kompyuta. Nikaruka! Mguu umekufa ganzi. Nimeangukia mafaili ya A mpaka K. Dereva kaniinua, kanipangusa vumbi. Nikamuuliza neno la siri kapewa na nani. Akanitajia herufi zote kumi na mbili bila kupumua, akasema nimewapa mimi mwenyewe, hata mlinzi analo. Mwongo mkubwa! Mtu mzima hovyo.
Jioni nimepakua mtandaoni programu ya kunasa wezi wa maneno ya siri. Ya bure. Nimeiweka kwenye kompyuta yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Ukaguzi. Mapokezi safi, ugavi safi, masijala hata dagaa hakuna! Kumbe Mama Masijala kawaomba wote wafute, kanionea huruma. Nikatembea kifua mbele mpaka kompyuta ya kumi na moja. Yangu. Mkurugenzi akauliza hiyo programu ina kibali cha nani.
Miezi mitatu mingine ya majaribio. Nimeumia, sifichi. Mama mkwe kapiga simu, kamuuliza mke wangu kama yule kijana wa nyaya yupo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimegundua kosa langu: neno la siri lilikuwa fupi! Jipya lina herufi ishirini. Nimeliandika masijala mara tatu, polepole, nikijisomea. Mama Masijala kanisogezea kiti. Dereva kaja na karatasi na kalamu, kaniomba nirudie herufi ya saba.
Hatimaye wameanza kunitilia maanani.