Babu Atafika na Gari Lake

Alhamisi, 2 Mei
Nimepata mjukuu! Wa kiume! Binti yangu Nassima kajifungua salama kule Setif, ng'ambo ya milima, na mimi niko huku Blida na birika langu la kahawa. Kigelegele ni kazi ya wanawake, lakini mwanamke wa nyumba hii ni marehemu, kwa hiyo nilipiga mimi, jikoni, peke yangu. Kilitoka kama kikohozi. Hakuna aliyeitikia.
Karamu ya siku ya saba imesogezwa hadi Ijumaa ya wiki ijayo, watu wawe mapumzikoni. Nassima kasema nipande teksi ya kuchangia. Teksi! Nishuke stendi na kifurushi kwapani, huku babu mwenzangu Si Tahar, yaani Bwana Tahar, baba wa mkwe wangu, anaegesha gari lake jeusi mlangoni? Thubutu! Babu atafika na gari lake. Akiba ninayo, japo ni ya kubana. Kesho gulio la magari.

Ijumaa, 3 Mei
Mbinu ya kwanza: kujifanya fukara ili wauzaji wanionee huruma. Nikavaa koti la kupakia rangi na viatu vilivyopasuka. Nikazunguka gari moja dogo, nikaguna kwa dharau. Muuzaji, kijana mwenye uso mwema, akanitazama, akafungua buti, akanitolea mkate wenye yai na pilipili. Eti kula mzee wangu, usione haya, mpaji ni Mungu.
Nikataka kumwambia mimi ni mstaafu wa serikali, mtu na heshima zangu. Lakini alishaanza kuniuliza nimelala wapi, nina watoto wangapi, nani ananifulia. Wiki nzima sijaulizwa kitu na mtu. Nikakaa. Nikala. Nilipotaka kuuliza habari za gari nikaona aibu. Ombaomba gani huyo anayenunua gari? Nikaondoka na shibe yangu.

Jumapili, 5 Mei
Nassima kapiga simu. Mumewe Faycal yuko tayari kuja kunichukua Ijumaa. Nikamwambia amwache mwenzake apumzike. Akang'ang'ania. Nikasikia mdomo wangu unasema gari ninalo tayari, liko kwa fundi linabadilishwa mafuta. Akapiga kelele za furaha mpaka mtoto akaamka. Nikamsikia mjukuu wangu analia! Sauti kubwa, ya kiume. Nassima akauliza nimelinunua lini. Nikasema simu inakatakata, nikakata.

Jumatatu, 6 Mei
Si Tahar kanipigia kunipongeza kwa gari. Mnafiki! Akauliza la rangi gani. Nikasema jeupe. Sasa lazima liwe jeupe. Nimejifunga kamba mwenyewe.

Jumatano, 8 Mei
Mazoezi. Gari lililogongwa hujazwa rojo la plastiki pale bati lilipobonyea, likapakwa rangi, likang'aa kama bibi harusi. Lakini penye rojo sumaku hainasi. Nimebandua sumaku kwenye friji, nikaenda kujifunzia kwenye gari la jirani wa chini, mwalimu Bachir. Niko magotini, nimefika mlango wa tatu, Bachir huyo katoka na mpini wa ufagio, mwizi, mwizi! Nikamwambia nimeangusha funguo. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Akasema Belgacem wee, uzee huo unakuja na vituko.
Akanikaribisha kahawa. Nikasema nina haraka. Nikapanda ngazi, nikakaa kitandani mpaka magharibi, bila haraka yoyote.

Alhamisi, 9 Mei
Nimepata! Akili bado ipo! Gulioni kwetu muuzaji hataji bei. Unamuuliza, wamekupa ngapi? Naye anakutajia alipofika mnunuzi wa mwisho, wewe unapanda kidogo. Basi akitangulia mtu wangu akatoa bei ya matusi, mimi naanzia huko chini!
Mtu mwenyewe ni shemeji yangu Arezki, ndugu wa marehemu mke wangu. Kuendesha anajua, lakini hana gari, wala hajui zima na bovu. Kaniambia, shemeji, wewe ungekuwa waziri ungetuuza sote. Nimeipokea kama sifa. Kesho tunanunua alfajiri, mchana tuko Setif. Nimepiga pasi shati. Nimeweka mfukoni bangili ndogo ya fedha ya mtoto.

Ijumaa, 10 Mei
Gari lilikuwepo. Dogo, jeupe! Nikalipitishia sumaku, ikanasa kila mahali. Nikaenda kujificha nyuma ya mchuuzi wa chai. Arezki akasogea, akauliza wamempa ngapi, kisha akataja bei ambayo hata mimi niliona haya kuisikia. Muuzaji akalitazama gari, akatazama mbingu, akasema, "Mungu akubarikie nalo."
Toba! Neno hilo likishatoka, biashara imefungwa. Anayerudi nyuma si mwanamume. Arezki akageuka kunitafuta, mdomo wazi.
Nikamvuta pembeni. Akasema mbona ni heri, shemeji, lichukue wewe kwa bei hiyohiyo. Nikalitazama upya. Gari linaloachiwa kirahisi namna hiyo lina ugonjwa. Rahisi huvunja upishi! Na watu watasema Belgacem katafutiwa gari na shemejiye. Nikakataa. Ikabidi alilipie mwenyewe, kwa pesa za kuezeka nyumba yake, alizokuja nazo ili aaminike. Akanifungulia mlango wa pili, akasema haya panda, mtoto anangoja. Mimi? Kiti cha abiria, ndani ya gari langu mwenyewe? Nikamwambia hilo halivuki hata mlima wa kwanza. Nikasimama pale mpaka likapotea.
Lilivuka milima yote. Mchana nimetumiwa picha. Mtoto kapewa jina langu. Belgacem! Kapakatwa na Si Tahar.
Nimekula dengu za jana, wima, jikoni. Nimelia. Nimesema ni vitunguu, ingawa hapakuwa na wa kumwambia.

Jumamosi, 11 Mei
Arezki kaniletea bakuli la tamina, ule unga wa kukaanga na asali wanaolishwa wageni wa mzazi. Tamu mno. Gari limekwenda na kurudi halikukohoa. Kumbe muuzaji anahamia ng'ambo kwa mwanawe, alitaka tu aondokane nalo. Arezki anasema Nassima alikataa chakula kisipakuliwe mpaka saa tisa. Alisimama dirishani, na kila gari jeupe likipita anasema, huyo baba.
Jumatano Arezki anakwenda tena. Akaniambia, shemeji, kiti kipo, usijitese. Nikamshukuru. Nikamwambia siku hizi nina shughuli nyingi.
Halafu nikakumbuka. Tohara! Hiyo ndiyo karamu hasa, na mtoto hutahiriwa akishakuwa na miaka minne, hata mitano. Muda tele! Belgacem mdogo atakuwa anaona, anasema, atasimama mlangoni aniulize gari hili la nani.
Ijumaa narudi gulioni. Mwalimu Bachir kakubali kutangulia. Nimemwambia ataje bei ndogo zaidi.