Kompyuta ya Utepe na Vifungo

Jumatatu, 3 Machi
Hajazaliwa mwenye akili kama mimi, na nasema hivyo kwa unyenyekevu. Shule niliiacha kabla haijaniacha. Lakini nimeona kwenye simu: kompyuta yoyote, hata iwe kubwa vipi, ukiivua nguo inabaki utepe, alama na sheria chache. Basi! Hapa kwa shangazi ni duka la ushonaji, tepe zimejaa tele. Naijenga! Wiki hii shangazi anaamua nani apewe mkasi mkubwa, awe mkataji: mimi au binamu yangu Mistari, anayeshona kama aliyemeza rula. Maskini Mistari.

Jumanne, 4 Machi
Nimechora vyumba kwa chaki kwenye utepe. Chumba kina kifungo au kitupu. Pini nyekundu inaonyesha tulipo. Kadi inaamuru: nenda kulia, ukikuta pengo lijaze, fika mwisho, toa kifungo kimoja, simama. Nikaweka vifungo viwili, pengo, vifungo vitatu. Nikafuata kadi bila kufikiri (kipaji changu). Vikabaki vitano mfululizo! Nikabadilisha idadi. Sawa tena!
Mwili ukasisimka. Pini haijui hesabu. Kifungo hakijui. Kadi ndiyo kabisa. Sasa jibu limetoka wapi? Nikakaa sakafuni nikiutazama ule utepe, mdomo wazi. Mistari akauliza kama kompyuta yangu inajua kufagia. Wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Vifungo vya mashati ya kwaya vimefika. Nikaandika kadi mpya, ya kushona, tuijaribu kwanza kwenye utepe. Ukikuta kifungo, sogea kulia. Ukikuta patupu, shona kifungo, sogea kulia. Vyumba vikiisha, chora kingine. Safi kama maji! Nadharia inataka utepe usio na mwisho, kwa hiyo nikatoa roli zima la utepe. Nikamkabidhi Mistari, nikamwambia hata yeye anaweza, mradi asifikiri. Nikaenda kwa mpiga pasi jirani kujisifu kidogo. Kidogo hicho kikawa kirefu.
Kurudi, utepe umevuka kaunta, umetoka mlangoni, umelizunguka benchi la wateja. Vifungo vyote vya kwaya viko juu yake! Mistari, mtulivu kabisa, akaniomba vingine.
"Kadi haijasema nisimame, mdogo wangu. Na uliniambia nisifikiri."
Nilitaka kulia, lakini macho yaligoma kuuacha ule utepe. Unang'aa, umenyooka, sheria tatu tu, na ungevuka barabara, ungevuka mji, usichoke, usiulize. Mungu wangu! Ndipo shangazi akaingia.

Jumamosi, 8 Machi
Kiongozi wa kwaya kachukua mashati yamefungwa kwa pini. Akasema waimbaji wake leo watavuta pumzi kwa adabu. Shangazi hakucheka. Mkasi kapewa Mistari.

Jumapili, 9 Machi
Nafumua vifungo. Vidole vinauma, kichwa kinawaka! Nimepata dawa: kompyuta ya pili, kazi yake kuisoma kadi yoyote na kutamka mapema kama itasimama au haitasimama kamwe. Yoyote! Ajabu hakuna aliyeiwahi; kwenye simu wanadai eti imethibitishwa haiwezekani. Ijumaa itakuwa tayari. Nimeshamwomba Mistari maroli mawili ya utepe.
Mengine yote wananisingizia. Kilichoharibika kweli ni kimoja: sikuandika "simama". Nilidhani kila kitu duniani kinajua chenyewe pa kuishia.