Sauti Yangu Ndani ya Tableti ya Furaha

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu. Aliyenivua ni tableti.

Niko nyumbani, mtaani Buyenzi, nimekunywa chai vikombe viwili. Nawaandikia hapa kwenye kundi letu kabla Hamida hajawafikia, maana ninafundisha naye na namjua, ataongeza chumvi. (Safari hii chumvi haihitajiki.) Kwa walioingia kundini juzi: mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, shule moja ya huko Ruziba. Nina watoto hamsini na nane. Madawati hayatoshi, chaki tunagawana. Ila tableti tunazo! Sita za watoto, na moja kubwa ya mwalimu.

Zililetwa na mradi mmoja wenye ofisi Kinindo. Mpango wao ni mzuri, sikatai. Mwalimu anakaa mbele na kikundi kidogo, na kule nyuma ya darasa kuna vituo sita vya kusoma. Kila kituo kina mtoto mmoja, tableti moja na kaske ya kuvaa masikioni. Tableti inamsomea hadithi, kisha mtoto anaisoma mwenyewe kwa sauti, nayo inarekodi. Akimaliza, jina lake linapata alama ya kijani. Asiposoma, alama inabaki nyekundu. Ikiwa nyekundu wiki tatu mfululizo, mradi unamchukua huyo mtoto, anapimwa macho, anapimwa masikio, wanatafuta shida iko wapi.

Mimi niliielewa hivi: nyekundu wiki tatu, wanakuja kutafuta shida ya mwalimu.

Direkteri, mkuu wetu wa shule, naye aliielewa vivyo hivyo. "Zaituni," aliniambia, "mi sitaki nyekundu mu shule yangu. Kule Kinindo wanaona yote. Nyekundu iko aibu."

Basi nikaanza mchezo wangu. Kila Ijumaa, watoto wakitoka kwenda mapumziko, najificha nyuma ya pazia la kitenge tulilotundika kwenye ile kona ya vituo, nabonyeza jina la mwenye nyekundu, nasoma mimi. Kwa sauti ya mtoto wa miaka minane! (Nina miaka arobaini na mmoja, na magoti yanayolia nikiinuka.) Tableti haijui ni sauti ya nani. Ikisikia maneno, inatoa kijani. Mwanzoni niliwasomea waliokuwa wagonjwa tu, au wale ambao maji ya ziwa yaliwafukuza nyumbani. Nilijiona nina huruma.

Kisha ukaja wakati wa Furaha.

Furaha aliingia darasani kwangu mwezi wa kumi, yeye na mama yake wametoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mtoto mpole, hagombani, haulizi. Ukimwambia kitu anatikisa kichwa kukubali, halafu anaangalia wenzake wanafanya nini, naye anafanya. Kusoma hakusoma hata neno. Nikasema ni ugeni, utaisha. Mwezi wa kwanza, kaske ya kituo cha sita ikafa. Kila mtoto niliyemweka pale alipiga kelele: "Mwalimu, haisemi!" Furaha nilipomweka hakulalamika. Akakaa, akafunua kurasa, akacheka na picha. Nikamwachia kituo cha sita kiwe chake siku zote. (Nikajipongeza! Nilimwambia hata Hamida kwamba nimepata dawa ya kaske mbovu.)

Na kila Ijumaa namsomea. Mama yake anauza ndagala, vile visamaki vidogo, pale ziwani, akipita mlangoni ananiuliza swali lile lile: "Mwalimu, mutoto anasoma?" Namjibu: "Anasikia hadithi, anasoma, anaendelea bien." Anafurahi, anakwenda zake. Yeye mwenyewe hakupata shule. Aliniambia siku moja kwamba kitu kimoja tu ndicho anachokitaka katika nchi hii, mtoto wake asome barua bila kuomba mtu.

Sasa, leo.

Saa tatu asubuhi wageni wamefika. Madamu Solange wa mradi, mama mmoja mtulivu mwenye miwani na viatu visivyopenda matope yetu. Direkteri amevaa koti. Hamida amejibanza mlangoni kuangalia. Wazazi kama kumi wamealikwa, wamesimama ukutani, na Mama Furaha yumo, amejifunga kitenge kipya, amejipaka mafuta hadi anang'aa. Watoto sita wako kwenye vituo vyao na kaske masikioni. Furaha yuko cha sita, ametugeuzia mgongo. Mimi nimesimama katikati nikitabasamu hadi mashavu yanauma.

Madamu Solange amefungua tableti kubwa ya mwalimu, akaangalia orodha. "Darasa zima kijani! Mwalimu, ongera."

Direkteri akavuta koti lake. Nikainamisha kichwa, mnyenyekevu mimi.

"Na wa kwanza ni nani? Ah. Furaha. Huyu hakosei kabisa!"

Bila shaka hakosei! Wenzake wanakwamakwama, wanakohoa, wanaruka mistari. Wa kwangu huyu anasoma kama mtu mwenye diploma, kwa sababu anayesoma ana diploma.

Nikasema haraka, "Madamu, huyu ana haya. Tuchukue mwingine."

"Apana, asisumbuliwe, aendelee na kazi yake. Tutasikiliza alichorekodi. Mama yake iko hapa?"

Mama Furaha akanyoosha mkono. Madamu akamwita mbele, akamsimamisha karibu na tableti ili asikie vizuri. Akapandisha sauti hadi mwisho. Akabonyeza.

Ikatoka sauti nyembamba, ya puani, ya mtu mzima aliyebanwa na mlango: "Kiboko aaalisema, mimi siiiogi!"

Watoto ndio wa kwanza kunitambua. Hawa ninaowasomea hadithi kila siku, wataacha kunijua? Kicheko kimoja, kisha viwili, kisha darasa zima. "Ni mwalimu! Ni mwalimu huyo!" Direkteri akaanza kukohoa. Ningeomba ardhi ipasuke, lakini ile ilikuwa salamu tu. Tableti ikaendelea. Mlango ukasikika ukifunguliwa ndani ya rekodi, na sauti ya Hamida: "Zaituni! Uko na nani mu pazia?"

Sikujua kwamba ilirekodi yale! Wallahi sikujua. Nikaruka kuizima, Madamu akaiondoa mbele ya mkono wangu, na sauti yangu halisi ikaendelea kutoka:

"Niko peke yangu. Namusomea Furaha."

"Tena?"

"Sasa nifanye je? Ule mutoto hajui hata a. Anakaa pale anacheka na picha tu. Afazali yeye, hanisumbue."

"Na mama yake?"

"Mama yake namuambiaka anaendelea bien. Atajulia wapi? Yeye mwenyewe hasomake."

Halafu, bila aibu, sauti ikapanda tena: "Kiboko akaingia maaatopeni!"

Watoto walikuwa wanagaragara. Wazazi ukutani hawakucheka. Mama Furaha alisimama vilevile na mikono yake tumboni, akiitazama tableti. Mimi uso wote ulikuwa moto. Nilitaka kulia, nikashindwa hata hilo.

Mnadhani aibu yangu iliishia hapo. Na mimi nilidhani.

Watoto wakaanza kumwita: "Furaha! Furaha! Mwalimu anasoma ndani yako!" Wanapiga madawati. Na Furaha, pale kituo cha sita, hatua nne kutoka kwetu, alikuwa amefunua ukurasa na anaangalia picha. Hakugeuka. Jina lake linapigiwa kelele na darasa zima, hakugeuka. Jirani yake akamgusa bega. Ndipo akageuka, akaona kila mtu anacheka, naye akacheka pamoja nao.

Madamu Solange hakuwa anacheka. Aliiweka tableti mezani, akaenda hadi kwake, akamvua kaske taratibu, akaivaa yeye.

"Hii haisemi kitu."

"Imekufa," nikasema.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Na yeye hakukuambia?"

Nilikuwa naanza kuelewa, na sikutaka. Madamu akaomba kimya, na kwa mara ya kwanza mwaka huu darasa langu likanyamaza kweli. Akasimama nyuma ya Furaha, akapiga kofi moja kubwa. Direkteri akashtuka. Watoto wote wakashtuka, mmoja akaangusha kalamu. Furaha akafunua ukurasa.

Nilisikia mtu akikohoa darasa la pili.

Miezi yote ile. Kila wiki angepata nyekundu yake, na wiki ya tatu tu wangekuja kumpima. Mashine ilikuwa tayari kuuliza mtoto huyu ana nini. Mimi ndiye niliyejibu kwa niaba yake, kila Ijumaa, kwa sauti ya kuigiza, kwamba hana shida. Na kaske ile nikamfungia masikioni kwa mikono yangu. Nimejichukia leo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Mama Furaha akanijia. Nilijiandaa kutukanwa. Wallahi nilitaka anitukane.

"Mi namuitaka ku nyumba," akasema polepole. "Namuita mara tatu, haitike. Nikasema ni kiburi. Nikasema, huyu mutoto ananizarau juu sijasoma." Akakaza kitenge chake. "Mi namupigaka, mwalimu."

"Mama Furaha..."

"Nilikuuliza we. Kila wiki nilikuuliza. Ukasema anasikia hadithi, anasoma. Basi nikajua masikio iko muzima, ni roho ndiyo mubaya. Nikaongeza fimbo."

Direkteri akaanza hotuba kwamba shule itafanya uchunguzi, na mwalimu husika ataandika barua ya kujieleza. Hakuna aliyemsikiliza. Mama Furaha alikwenda kituo cha sita, akachuchumaa mbele ya mtoto wake, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akawa anamtazama tu. Furaha akatabasamu, akamwonyesha picha ya kiboko.

Madamu Solange hakunipigia kelele. Alinipa tableti na kuniambia niondoe mwenyewe kila kitu nilichosoma kwa jina la Furaha. Nikakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa kidevu, nikafuta moja moja, nikirudi nyuma hadi mwezi wa kumi, na sauti zangu ni nyingi kuliko nilivyodhani. Jina likabaki na nyekundu mtindo mmoja. Akaandika anwani ya daktari wa masikio na siku, Jumanne, akampa mama yake karatasi. Mama Furaha akaishika, akaiangalia, akatafuta mtu wa kumsomea. Nikanyoosha mkono. Akampa Hamida.

Kabla hawajatoka nilimfuata Furaha mlangoni. Nikainama hadi uso wangu uko mbele ya uso wake, nikasema polepole, kwa sauti yangu mwenyewe, "Nisamehe." Akatazama midomo yangu. Akatikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali kila kitu. Sijui alichokubali.

Barua ya kujieleza nimeianza mara nne. Nimeomba niende nao kwa daktari Jumanne. Mama Furaha hajasema ndiyo, hajasema apana. Hamida amenipigia simu mara mbili anauliza kama nimekula.

Mnaotaka kucheka, chekeni, kile kiboko hata mimi ningekicheka. Ila msiniulize somo la leo ni lipi. Ningekuwa na somo, kuna mtoto niliyepaswa kumpa tangu mwezi wa kumi.