Kuboresha "I Am Sorry"

Machame, Jumatatu, 3 Mei 1993
Nimekosana na Dada Doris, Mjerumani anayefundisha kina mama ushonaji usharikani. Alibandika tangazo kwa wageni watakaokuja Jumapili kununua vitambaa: "Our women sew well." Sentensi ya mtoto wa shule ya msingi! Nikaifuta, nikaweka maneno mazito kwa kalamu nyekundu, na alama pembeni: nne kwa kumi. Kusaidia tu. Watu wakacheka siku nzima. Leo kafunga darasa, kaondoka na funguo. Vitambaa kumi na viwili vya mke wangu Yuditha vimo humo. Kazi ya miezi mitano. Yuditha akaniambia, Baba Godbless, nenda ukaombe radhi, na usiongee sana.

Jumanne, 4 Mei
Dada Doris anajua Kiswahili vizuri, lakini radhi nzito hudai Kiingereza. Nimeandika: "I am sorry." Fupi mno! Atadhani nimemkanyaga mguu. Nikaongeza "deeply". Kisha "nevertheless", yaani hata hivyo, neno la watu wazima, linalofungua mlango wa maelezo. Ukurasa ukajaa.

Jirani yangu Efraimu akasoma, akauliza, Mwalimu, unamwomba radhi au unamshtaki? Wivu. Huyu aliishia darasa la nne.

Alhamisi, 6 Mei
Barua imefika kurasa tatu. Ya pili inafafanua kwa upole kwa nini alistahili nne. Nimempa Yuditha aipeleke, maana njia ni matope matupu. Akapitia kwanza mpakani mwa shamba, akakata jani la isale, akalifunga fundo. Sisi Wachagga ukiletewa jani hilo, huna budi kusamehe. Nikamweleza kwamba Mzungu hasomi majani. Akasema huyu amekaa hapa miaka sita, na jani halina ukurasa wa pili.

Ijumaa, 7 Mei
Darasa limefunguliwa! Dada Doris kaniletea salamu na chupa ya maziwa. Nikamuuliza Yuditha ni neno gani hasa lililomgusa. Mimi nadhani "nevertheless". Akacheka mpaka akakaa chini. Barua hakuitoa kabisa, iko mkobani. Jani lilitosha.

Maskini Dada Doris! Kasamehe bila kuelewa.

Yuditha alipokwenda kukama, nikaichukua barua. Kesho naipeleka mwenyewe, kabla wageni hawajafika. Nimeongeza ukurasa wa nne, unaomweleza maana ya jani.